“Kila mtu ana” au “watu wote wana”? Kuchagua kitenzi baada ya “everyone”, “each”, “none” na “some”

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, steshenari yangu hapa Mtwara mjini hujaa makaratasi ya Kiingereza. Wanachuo wanarudi kutoka fildi na ripoti zao, vijana wanaomba kazi za muda kwenye maghala na bandarini, walimu wanaleta mitihani ya kuchapa. Kabla sijaprinti huwa nasoma, maana karatasi ikishatoka na kosa, anayeaibika ni mwenye jina lililo juu yake. Na kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote ni kitenzi kilichokaa vibaya baada ya maneno kama “everyone”, “each”, “none” na “some”. Mtu hajui aweke “is” au “are”, “has” au “have”, “was” au “were”, basi anabahatisha.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea ripoti ya upimaji wa korosho kwenye ghala la chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Ukurasa wa tatu aliandika: “Everyone were given a receipt.” Nikaweka alama ya penseli.

“Dada, hapo nimekosea nini? Wakulima walikuwa zaidi ya hamsini siku ile.”

“Najua walikuwa wengi. Hebu nisomee sentensi yako kwa Kiswahili.”

“Watu wote walipewa stakabadhi.”

“Sasa isome kwa kutumia ‘kila’.”

“Kila mtu ali...” Akanyamaza. Akachukua ile penseli, akafuta “were” mwenyewe, akaandika “was”.

Ndivyo ninavyomfundisha kila anayeuliza, kwa sababu Kiswahili chetu tayari kina njia mbili za kuutaja umati uleule. Unaweza kuwataja mmojammoja, ukasema “kila mkulima ana stakabadhi”. Unaweza kuwakusanya, ukasema “wakulima wote wana stakabadhi”. Watu ni walewale hamsini, ila kiambishi cha kitenzi kimebadilika kutoka “a-” kwenda “wa-”. Hakuna Mswahili anayesema “kila mkulima wana”. Kiingereza nacho kina njia hizohizo mbili, na kosa linaingia pale tunapomwoza “everyone” kwa mume asiye wake. Shuleni tulizoea kumtafsiri kama “watu wote”, kumbe mwenzake halisi ni “kila mtu”. Mwenye kufanana na “wote” ni “all”. Yaweke ubavu kwa ubavu:

Kila mtu amefika. Everyone has arrived.
Wote wamefika. All have arrived.

Upande wa “kila mtu” wanakaa “everyone”, “everybody”, “everything”, “each” na “every” pamoja na jina lake. Majirani zao ni “someone”, “anyone”, “no one”, “nothing” na wote walioishia na “-one”, “-body” au “-thing”, yaani mtu fulani, mtu yeyote, hakuna mtu, hakuna kitu. Hawa kitenzi chao ni cha umoja, hata kama anayezungumziwa ni mji mzima. Upande wa “wote” wako “both”, “few”, “many”, “several” na “others”: wote wawili, wachache, wengi, kadhaa, wengine. Hawa ni wa wingi na hawana utata, sitapoteza muda nao.

Kabla ya kuendelea, jambo moja la kumtoa mwanafunzi hofu. Katika Kiswahili kila kitenzi kinaonyesha umoja au wingi, uwe wakati uliopo, uliopita au ujao. Katika Kiingereza tofauti hiyo inaonekana sehemu chache tu: kwenye wakati uliopo, na kwenye “was” na “were”. Ukiandika “everyone went” au “all went”, kitenzi ni kilekile. Ukiandika “everyone will come” na “all will come”, vilevile. Kwa hiyo macho yako yafungue unapokutana na “is/are”, “has/have”, “does/do”, “was/were”, na ile “s” ya mwisho wa kitenzi.

Na hiyo “s” ndiyo inayowachanganya wengi, nami ilinichanganya mpaka kidato cha tatu. Kwenye jina, “s” ni ya wingi: “farmer”, “farmers”. Kwenye kitenzi, “s” ni ya umoja: “the farmer sells”, “the farmers sell”. Mwanafunzi anayeona “everyone sells” anadhani “sells” ni wingi kwa sababu ina “s”, halafu anaona amepatia kwa sababu “everyone” nao ni wengi. Amepata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na sentensi inayofuata atakosea. Mimi humwambia hivi: “s” ya kitenzi ndiyo “a-” yetu. “Anauza” ni “sells”. “Wanauza” ni “sell”. Ukishaishika hiyo, “each sells” inakuja yenyewe, maana “kila mmoja anauza”.

Sasa tulinganishe jozi zinazofanana sura. Ya kwanza ni “everyone” iliyoandikwa neno moja na “every one” iliyoandikwa maneno mawili. Zote ni umoja, lakini ya kwanza ni ya watu tu. Ukitaka kusema kila gunia lilipimwa, utaandika “every one of the bags was weighed”, maneno mawili. Ukiyaunganisha, magunia yamegeuka watu.

Jozi ya pili ni “each” na mahali lilipokaa. “Each of the farmers has a receipt” ni umoja, kwa sababu kiima ni “each”: kila mmoja wa wakulima ana stakabadhi. Lile “of the farmers” ni maelezo tu, na “s” yake isikuvute. Lakini “The farmers each have a receipt” ni wingi, kwa sababu hapa kiima ni “the farmers” na “each” limechomekwa baadaye. Sisi nasi tunasema “wakulima wana stakabadhi, kila mmoja na yake”. Neno ni lilelile, kitenzi kimefuata kiima chake. Ukilazimika kuchagua moja kwenye mtihani, chagua “each of”, maana muundo wake hauyumbi.

“Either” na “neither” ni za viwili. Ukiwa stendi unamwelekeza mgeni kwamba basi lolote kati ya haya mawili linafika Masasi, utasema “either of these buses goes to Masasi”. Angalia “lolote linafika”, umoja. Ukitaka kusema hakuna hata moja linalofika: “neither of these buses goes to Masasi.” Mitaani na kwenye mazungumzo utawasikia Waingereza wenyewe wakisema “neither of them are”, na huwezi kuwaambia hawajui lugha yao. Lakini kwenye karatasi rasmi weka umoja.

Hapa sasa tunafika kwenye kundi ninalolihofia kuliko mengine, kwa sababu kwenye “everyone” Kiswahili kilitusaidia, na hapa kinaweza kutupoteza. Ni “some”, “all”, “most”, “any”, “more” na “none”. Hawa hawana umoja wala wingi wao wenyewe. Wanafuata jina linalokuja baada ya “of”. Jina likiwa la kitu kinachohesabika na kikiwa kingi, kitenzi ni wingi: “some of the bags are wet”. Likiwa la kitu kisichohesabika, kitenzi ni umoja: “some of the water is dirty”. Mtu wa Kiswahili hastaajabu, kwa sababu na sisi “baadhi ya” hufuata ngeli ya kinachofuata: baadhi ya magunia yamelowa, baadhi ya unga umelowa.

Shida ni kwamba ngeli zetu hazikugawa vitu kama Waingereza walivyovigawa. Kwetu maji “yamemwagika”, mafuta “yamepanda bei”, maziwa “yamechacha”. Vinaonekana wingi. Kwa Mwingereza “water”, “oil” na “milk” ni umoja. Habari “zimefika”, lakini “the news has arrived”, ingawa neno lina “s” mwishoni. Taarifa “zimetumwa”, lakini “the information has been sent”. Nywele “zimekatika”, lakini akimaanisha nywele za kichwa kizima atasema “her hair is”. Vifaa “vimenunuliwa”, lakini “the equipment has been bought”.

Na juu ya yote, pesa. Mkoa wetu unaishi kwa malipo ya korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kwenye zao hili mwaka 2007, mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, ndipo anasubiri fedha. Kwa hiyo barua nyingi ninazochapa zina sentensi kuhusu fedha zilizolipwa au ambazo bado. Kwa Kiswahili tunasema “fedha zote zimelipwa”, “hela nyingi hazijaingia”. Kila mtu anaona wingi, basi anaandika “all the money have been paid” au “most of the money have not been paid”. Nimeyafuta hayo mara nisizoweza kuzihesabu. Kwa Kiingereza “money” haihesabiki, hata ziwe milioni ngapi. Inayohesabika ni shilingi. Weka pembeni:

Fedha zote zimelipwa. All of the money has been paid.
Wakulima wote wamelipwa. All of the farmers have been paid.
Sehemu kubwa ya fedha haijalipwa. Most of the money has not been paid.
Wakulima wengi kati yao hawajalipwa. Most of the farmers have not been paid.

Hapo, kwenye kundi hili, usimwamini “zi-” wala “ya-” wa Kiswahili. Swali la kujiuliza ni moja: naweza kukihesabu kitu hiki kwa Kiingereza, moja, mbili, tatu? “One money, two moneys” haipo. “One bag, two bags” ipo. Vivyo hivyo kwenye kuuliza: “Is any of the water left?” lakini “Are any of the seats left?”

Korosho yenyewe inastahili neno lake. Ukiandika “cashew nuts”, zinahesabika: “some of the cashew nuts were rejected”. Ukiandika “the crop” au “the harvest”, ukimaanisha zao au mavuno, ni umoja: “some of the crop was rejected”. Korosho ni zilezile zilizorudishwa kwa kuwa na unyevu mwingi, lakini kitenzi kinafuata jina ulilochagua. Nimeona ripoti iliyoanza aya na “the crop” ikamaliza na “they were”, mpaka msomaji akatafuta hao “they” wametoka wapi. Chagua jina moja, kaa nalo aya nzima.

“None” nimeliacha makusudi lije peke yake, maana ndilo linalogombanisha walimu. Wako wanaosema ni umoja daima, na hoja yao ina mizizi: katika Kiingereza cha kale neno hili limeundwa kwa “ne” na “an”, yaani “si mmoja”. Lakini asili ya neno si lazima iwe sheria ya matumizi yake. Waingereza wamelitumia kwa umoja na kwa wingi tangu zama hizohizo za kale. H. W. Fowler, Mwingereza aliyetoa kamusi mashuhuri ya matumizi ya lugha mwaka 1926, aliandika kwamba ni makosa kudhani neno hili ni la umoja tu, na Fowler hakuwa mtu wa kulegeza mambo.

Basi uchague lipi? Kikifuata kitu kisichohesabika huna chaguo: “none of the money has arrived”. Wakifuata watu au vitu vingi, yote mawili yanakubalika, na Kiswahili kinakuonyesha tofauti ya ladha. “Hakuna hata mmoja aliyelipwa” ni “none of the farmers has been paid”. Mkazo uko kwa mmojammoja. “Wakulima hawajalipwa, hakuna waliolipwa” ni “none of the farmers have been paid”. Unawatazama kama kundi. Kwenye mtihani wa Taifa ningemshauri mwanafunzi aandike “has”, kwa sababu msahihishaji wa msimamo wowote ataikubali. Kwenye barua ya kawaida au ripoti ya fildi, mimi mwenyewe naacha “have” ikiwa ndiyo inayosomeka vizuri. Ninachokataa ni kuona “has” ukurasa wa pili na “have” ukurasa wa tano kwa jambo lilelile.

Kuna njia mbili za kujifunza haya, na wanafunzi huniuliza wachague ipi. Ya kwanza ni kukariri orodha: hawa ni umoja, hawa ni wingi, hawa ni wa kati. Orodha ina faida yake, hasa usiku wa kuamkia mtihani, na kundi la wingi ni fupi kiasi kwamba unaweza kulishika ukiwa kwenye bajaji. Ila orodha haikuambii kwa nini, na ukifika kwenye “some” inakuacha solemba. Ya pili ni kuisoma sentensi kwa Kiswahili kwanza, ukijiuliza ni “kila” au ni “wote”. Hii ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu inatumia sarufi ambayo mtoto wa Mikindani au Newala ameibeba kichwani tangu hajaanza shule. Udhaifu wake nimeshausema: kwenye maji, fedha, habari na taarifa itakupotosha. Kwa hiyo tumia “kila” na “wote” kwa watu, na swali la kuhesabu kwa vitu. Mbili hizo zikishirikiana, orodha utaihitaji mara chache.

Limebaki jambo la “yake”. Methali yetu inasema kila mlango na ufunguo wake. Haisemi “funguo zao”. Na “wake” hilo halijali kama ni mwanamume au mwanamke, tumepata raha hiyo bure. Mwingereza hana. Akitaka kusema kila mtu alete stakabadhi yake, ana njia tatu:

Everyone must bring his receipt.
Everyone must bring his or her receipt.
Everyone must bring their receipt.

Ya kwanza ilishikiliwa sana na wanasarufi. Anne Fisher, mwanasarufi Mwingereza, aliifundisha katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1745, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likaweka kwenye sheria kwamba maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawajumuisha na wanawake. Mimi siiandiki. Kwenye foleni ya ghala akina mama wapo na mikorosho ni yao. Tangazo linalosema “his receipt” linawataja waume zao. Ya pili ni sahihi na ya haki, ila ukiirudia mara nne kwenye aya moja inachosha. Ya tatu wengi wanadhani ni uhuni wa juzi, kumbe “their” kwa mtu mmoja asiyetajwa imekuwepo katika Kiingereza tangu karne ya 14, na Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliitumia bila wasiwasi. Mwaka 2019 mwongozo wa uandishi wa kitaaluma wa APA (chama cha wanasaikolojia wa Marekani), ambao vyuo vingi duniani huufuata, uliikubali rasmi.

Ugumu wa njia ya tatu ni kwamba kitenzi kinabaki umoja huku kiwakilishi kinaonekana wingi: “everyone has their receipt”. Vijana wakiona “their” wanarudi nyuma kubadili “has” iwe “have”, na kosa tuliloliondoa asubuhi linarudi jioni. Usibadili. Kitenzi kinamtazama “everyone”. Kinabadilika pale tu “they” yenyewe inapokuwa kiima, kama kwenye vile viswali vya mkia: “Everyone has arrived, haven't they?” Umoja mwanzoni, wingi mwishoni, sentensi moja, na ni sahihi kabisa. Kwa vitu, mkia unabaki umoja: “Nothing was lost, was it?”

Kwa barua ya kazi au ripoti ya chuo, chukua “their”. Kwa mtihani ambao mwalimu wako amekufundisha “his or her”, mpe “his or her” yake, mara moja au mbili, kisha geuza sentensi iwe ya wingi ukwepe mzozo wote: “All farmers must bring their receipts.” Yule kijana wa ripoti ndivyo alivyofanya ukurasa wa saba, bila mimi kumwambia.